Shelisheli na makomandoo wake: taifa la watu laki moja linahitaji kikosi maalumu cha nini?

Swali la msomaji wa Tanga: Nimesikia kwamba Shelisheli, nchi yenye watu laki moja na ushei, ina kikosi chake cha makomandoo kiitwacho Tazar. Taifa dogo hivyo, lililo katikati ya bahari na lisilogombana na jirani yeyote, linahitaji makomandoo wa nini? Na je, kikosi cha watu wachache kiasi hicho kinaweza kweli kuilinda nchi, au ni cha kupamba gwaride tu?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na sehemu ya pili ya swali lako, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Kikosi hicho hakiwezi kuilinda Shelisheli peke yake dhidi ya jeshi la nchi nyingine, wala hakuna mtu mwenye akili timamu serikalini mwao aliyewahi kukikusudia kazi hiyo. Jeshi zima la Shelisheli, ukijumlisha askari wa nchi kavu, walinzi wa pwani na wale wachache wa anga, ni watu mia kadhaa, idadi ambayo katika nchi kubwa ingetosha batalioni moja. Ndani ya jeshi la namna hiyo kikosi maalumu kinakuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kuzuia kundi dogo la watu wenye silaha lisiiteke serikali katika saa za mwanzo, kabla msaada haujafika. Ya pili ni kupanda vyombo baharini ambavyo nahodha wake hataki vipandwe. Kazi zote mbili zimetokana na mambo yaliyowapata wao wenyewe, na ndiyo sababu ni lazima turudi nyuma kidogo.

Shelisheli ilipata uhuru kutoka kwa Uingereza tarehe 29 Juni 1976 bila kuwa na jeshi. Kulikuwa na polisi tu. Mwaka haukutimia. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Juni 1977, Rais James Mancham akiwa London kwa mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola, wafuasi wapatao 60 wa Waziri Mkuu France-Albert René waliteka silaha za polisi na sehemu muhimu za mji mkuu wa Victoria, na kulipokucha nchi ilikuwa na rais mwingine. Tafakari idadi hiyo: watu sitini, usiku mmoja, nchi nzima. Katika bara letu mapinduzi huhitaji vifaru, vikosi vilivyogawanyika na siku kadhaa za kuvutana kuhusu nani anashika redio na nani anashika daraja. Katika kisiwa chenye mji mmoja, uwanja mmoja wa ndege wa kimataifa na bandari moja kuu, atakayeshika sehemu hizo tatu huwa ameshamaliza kazi.

René alilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ndivyo yeye mwenyewe alivyoingia madarakani. Alianza mara moja kujenga jeshi, na hapo ndipo Tanzania inapoingia katika habari hii, kwani wakufunzi na askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania walikwenda Mahé, kisiwa kikuu chenye mji huo wa Victoria, kusaidia kulianzisha na kulilinda. Walikuwa bado huko tarehe 25 Novemba 1981, siku ambayo ndege ya Shirika la Ndege la Swaziland ilitua Mahé ikiwa na wanaume zaidi ya arobaini waliojifanya wanachama wa klabu ya wanywaji bia wanaokwenda likizo. Kiongozi wao alikuwa Mike Hoare, mamluki ambaye jina lake wasomaji wetu wa Kongo wanalikumbuka tangu miaka ya 1960. Ndani ya mikoba yao, chini kabisa, kulikuwa na bunduki, na juu yake wanasesere waliodai kuwa ni zawadi za watoto yatima. Kundi karibu lote lilikuwa limeshapita forodha bila shida wakati afisa mmoja wa forodha alipoupekua mkoba wa mmoja wao na kukuta bunduki.

Yaliyofuata yanafundisha zaidi kuliko mkasa wenyewe wa mikoba. Mamluki waliuteka uwanja wa ndege, lakini walipojaribu kuiteka kambi ya jeshi iliyo jirani yake, Pointe Larue, walishindwa. Kwa kuwa kambi haikuanguka, barabara ya kwenda Victoria haikufunguka kwao, na kila saa iliyopita iliwaongezea maadui. Ndege ya Air India ilipotua uwanjani hapo usiku huo, waliiteka wakaondoka nayo hadi Durban, wakawaacha wenzao kadhaa kisiwani ambao walikamatwa baadaye. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda tume ya uchunguzi mwezi uliofuata, na Hoare alihukumiwa na mahakama ya Afrika Kusini mwaka 1982 kifungo cha miaka 10 kwa kuteka ndege. Tanzania nayo iliongeza askari wake kisiwani.

Linganisha na Maldivi, ambako tarehe 3 Novemba 1988 mamluki wa Kitamil wapatao 80 walishuka alfajiri katika mji mkuu wa Malé. Walizunguka mji karibu wote, lakini askari wa usalama wa taifa waliokuwa ndani ya makao makuu yao hawakusalimu amri, na Rais Maumoon Abdul Gayoom alifichwa asipatikane. Usiku huohuo askari wa miavuli wa India walitua kwa ndege katika kisiwa cha Hulhulé, na mamluki wakakimbia kwa meli ambayo jeshi la majini la India liliifukuza na kuikamata. India haingekuwa na serikali ya kuiokoa kama makao makuu hayo yangeanguka saa mbili za kwanza. Hiyo ndiyo hesabu ya usalama wa visiwa vidogo: rafiki mkubwa yupo, lakini yuko mbali kwa saa nyingi za ndege, na mtu wa ndani lazima azishike saa hizo.

Kwa hiyo unapowaona makomandoo wa Shelisheli wakifanya mazoezi, usiwapime kwa kipimo cha makomandoo wa Marekani au Uingereza wanaotumwa nchi za mbali kuvamia maadui. Hawa kazi yao ya nchi kavu ni ya karibu sana na nyumbani: uwanja wa ndege, Ikulu, bandari, mitambo ya mawasiliano. Wanajifunza kufika haraka mahali palipovamiwa, kupigana ndani ya majengo, kuokoa mateka, na kushikilia sehemu moja hadi wengine wafike. Mazoezi ya pamoja na jeshi la India yaitwayo Lamitye, ambayo yamekuwa yakifanyika Shelisheli tangu mwaka 2001 kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, yanalenga hasa mambo ya namna hiyo, na faida yake nyingine ambayo haitangazwi sana ni kwamba atakayekuja kuokoa anakuwa ameshaijua ardhi na ameshawajua wenyeji wake.

Hiyo ni kazi ya kwanza. Kama ingekuwa hiyo tu, ningekubaliana nawe kwa kiasi fulani kwamba kikosi hicho ni cha akiba, kwa kuwa jaribio la mwisho la mamluki lina zaidi ya miaka arobaini sasa. Kazi ya pili ndiyo iliyokitoa kambini.

Shelisheli ina visiwa 115 vyenye ardhi isiyofika kilomita za mraba 500 kwa jumla, lakini eneo lake maalumu la kiuchumi baharini linafika karibu kilomita za mraba milioni 1.4, yaani bahari kubwa kuliko Tanzania Bara na Visiwani ukiziweka pamoja. Uchumi wake unasimama juu ya watalii na samaki aina ya jodari. Meli za Ulaya zinazovua jodari huteremsha shehena bandarini Victoria, na hapohapo mjini kuna kiwanda kikubwa cha kusindika samaki hao. Mwaka 2009 maharamia wa Kisomali, baada ya manowari za kigeni kujaa katika Ghuba ya Aden, walihamia kusini na mashariki, wakitumia majahazi waliyoyateka kama meli mama na boti ndogo ziendazo kasi kama mkono wa kushambulia. Mwezi Aprili mwaka huo chombo cha kitalii kilitekwa kikiwa na mabaharia saba wa Shelisheli. Mwezi Oktoba wanandoa Waingereza waliong'oa nanga Mahé na mashua yao ya tanga wakielekea kwenu Tanga walitekwa na kushikiliwa Somalia kwa zaidi ya mwaka. Ufaransa ilianza kuweka askari wake ndani ya meli zake za uvuvi. Kwa taifa la ukubwa ule hiyo ilikuwa hali ya hatari kuliko vita yoyote ya mpakani, kwa sababu ilikuwa inakata mapato yenyewe ya nchi.

Chombo walichokuwa nacho cha maana kilikuwa Topaz, boti ya doria iliyotolewa na India mwaka 2005. Desemba 2009 maharamia waliishambulia usiku, na kumi na mmoja kati yao wakaishia mikononi mwa walinzi wa pwani. Tukio kubwa zaidi lilikuja mwishoni mwa Machi 2010. Maharamia walikuwa wameliteka jahazi la Iran lenye mabaharia 21, kisha wakaiteka mashua ya uvuvi ya Shelisheli iitwayo Galate na kuwachukua wavuvi wake sita, na sasa walikuwa wanaelekea Somalia na mateka wote 27. Rais James Michel aliamuru wazuiwe wasifike pwani ya Somalia. Topaz ililifikia jahazi, ikapiga risasi za onyo, kisha ikalenga injini. Jahazi likashika moto, na watu wote, maharamia na mateka, wakajitupa baharini. Mateka wote 27 waliokolewa wakiwa hai. Wakati wa kurudi Topaz ilishambuliwa tena na kundi jingine la maharamia, ikajibu na kuzamisha baadhi ya vyombo vyao.

Naomba usomaji wa tukio hili uwe wa tahadhari. Magazeti yalilieleza kama ushindi, na ulikuwa ushindi, lakini mtu anayefahamu kazi ya kuokoa mateka baharini atakuambia kwamba jahazi la mbao linalowaka moto likiwa na watu 27 wasio na hatia si mpango ambao mtu angeuchagua akiwa na njia nyingine. Njia nyingine ndiyo hasa kazi ya kikosi maalumu: kukifuata chombo kwa mbali bila kuonekana, kungoja giza, kukisogelea kwa boti za mpira kutoka nyuma ambako mlinzi haoni vizuri, kupanda kwa ngazi nyepesi, na kuwa juu ya sitaha kabla wenye silaha hawajaamka na kuwakusanya mateka mahali pamoja. Mambo hayo yanahitaji watu waliokaa pamoja muda mrefu, wanaojua bila kuambiwa nani anaingia mlango upi, na yanahitaji boti ambayo haitazimika katikati ya njia. Serikali ya Shelisheli ilijifunza hivyo, na miaka iliyofuata ndiyo iliyoona walinzi wa pwani na askari wa kikosi maalumu wakifanya mazoezi ya kupanda meli pamoja na mataifa mengi, yakiwemo mazoezi ya Cutlass Express yanayoongozwa na Marekani, ambayo Kenya, Tanzania na Morisi nazo hushiriki.

Kuna upande mwingine wa kazi hii ambao wasomaji wengi hawaufikirii, nao ni mahakama. Haramia akikamatwa baharini, bunduki na ngazi huwa zimeshatupwa majini, na anachosema ni kwamba yeye ni mvuvi aliyepotea. Kama askari waliopanda chombo hawakupiga picha, hawakuandika saa na mahali, hawakutenganisha watuhumiwa wala hawakuhifadhi simu na maganda ya risasi, kesi imekufa kabla ya kufika ufukweni. Kwa hiyo komandoo wa Shelisheli analazimika kuwa pia nusu mpelelezi, jambo ambalo wenzake wa nchi kubwa huwaachia watu wengine. Machi 2010 Bunge lao lilirekebisha sheria ya jinai ili mahakama zao ziweze kuwahukumu maharamia waliokamatwa hata nje ya maji yao, na Julai mwaka huo wale kumi na mmoja walioishambulia Topaz walihukumiwa miaka 10 kila mmoja. Miaka iliyofuata Shelisheli, sawa na Kenya katika mahakama za Mombasa, ilipokea washukiwa waliokamatwa na manowari za mataifa mengine, hadi gereza lao dogo likazidiwa na baadhi ya wafungwa wakaanza kuhamishiwa Somaliland mwaka 2012. Uharamia ulipopungua, ujuzi uleule ulihamia kwenye dawa za kulevya: mwaka 2016 jahazi moja la Iran lilikamatwa ndani ya maji yao likiwa na karibu kilo 100 za heroini, mzigo unaopita njia ileile ya bahari inayoleta heroini Pemba, Tanga na Mombasa.

Sasa nije kwenye mipaka ya kikosi, kwa kuwa uliuliza kwa uaminifu na unastahili kujibiwa hivyo. Mpaka wa kwanza ni umbali. Kisiwa cha Aldabra kiko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé. Boti ya doria inayokwenda mafundo 20, yaani karibu kilomita 37 kwa saa, bila kusimama itatumia zaidi ya siku nzima kufika huko, na itafika ikiwa na wanajeshi waliochoka na mafuta yaliyopungua. Komandoo hodari kuliko wote hana maana kama hajui chombo kiko wapi na hana cha kumfikisha. Ndiyo maana ndege za doria aina ya Dornier zilizotolewa na India, ya kwanza ikiwa ya mwaka 2013, zimeongeza uwezo wa nchi ile kuliko ambavyo kuongeza makomandoo hamsini kungefanya. Ndiyo maana pia boti zilizotolewa na Falme za Kiarabu, na kambi ya walinzi wa pwani waliyoijenga katika kisiwa cha Perseverance, ni sehemu ya nguvu ya kikosi hicho hata kama haionekani katika picha za watu waliojipaka masizi usoni. Ukitaka kukipima kikosi cha namna hii, usihesabu watu. Uliza ni boti ngapi leo asubuhi ziko tayari kuondoka.

Mpaka wa pili ni watu wenyewe. Katika taifa la watu laki moja, vijana wenye umri na afya ya kuweza mafunzo hayo ni wachache, na hoteli, meli na viwanda vinawataka haohao, mara nyingi kwa mshahara mzuri zaidi. Halafu kuna suala la siri. Katika nchi kubwa komandoo hupotea mjini. Mahé, jirani yake anajua anafanya kazi gani, amelala nyumbani au hakulala, na mama yake yuko kanisa lipi. Sijui kama kuna mafunzo yanayoweza kuondoa tatizo hilo. Nadhani hakuna, na makamanda wao hupanga kazi wakijua kwamba kitu pekee wanachoweza kukificha kwa hakika ni saa ya kuanza.

Mpaka wa tatu ndio unaonitia wasiwasi zaidi, nao hauhusu uwezo bali utii. Kikosi kilichofunzwa kuliko wengine wote, katika nchi ambayo watu sitini waliwahi kuitwaa kwa usiku mmoja, ni silaha inayoweza kugeuzwa. Majirani wao wa Komoro waliionja hali hiyo kwa uchungu. Mamluki Mfaransa Bob Denard alimpindua Ali Soilih mwezi Mei 1978, kisha akajenga Kikosi cha Ulinzi wa Rais kilichogharimiwa kwa fedha za Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, chenye maafisa Wazungu na silaha bora kuliko jeshi la taifa. Kwa zaidi ya miaka kumi hapakuwa na wa kukipinga, hadi Rais Ahmed Abdallah alipouawa ndani ya Ikulu yake tarehe 26 Novemba 1989 mbele ya watu waliopaswa kumlinda, na Ufaransa ikalazimika kutuma askari wake ili Denard aondoke. Alirudi tena mwaka 1995, Ufaransa ikaja tena kumtoa. Shelisheli yenyewe haikusalimika na jambo la namna hii: Agosti 1982, miezi tisa baada ya kumshinda Hoare, askari wa kawaida wapatao mia waliasi katika kambi ya Union Vale na kuishika redio wakilalamikia walivyotendewa na wakubwa wao, na uasi huo ulizimwa kwa msaada wa askari wa Tanzania.

Dawa ya jambo hili inajulikana, ingawa haipendezi kuitumia. Kikosi maalumu kisizidi jeshi kwa silaha wala kwa idadi; kiwe chini ya mkuu wa majeshi kama vikosi vingine, si chini ya ofisi ya mtu mmoja; malipo yake yasitofautiane na ya wengine kiasi cha kuzaa kinyongo; na kazi yake ya kila siku iwe baharini, mbali na siasa za mji. Katiba ya Shelisheli ya mwaka 1993 inamfanya rais kuwa Amiri Jeshi Mkuu, na kwa hiyo utii wa askari ni kwa cheo hicho, yeyote atakayekikalia. Kwa muda mrefu hilo lilibaki maandishi, kwa sababu chama kilekile kilitawala tangu 1977. Oktoba 2020 Wavel Ramkalawan, kasisi wa Kianglikana aliyekuwa mpinzani kwa miaka mingi, alimshinda Rais Danny Faure katika uchaguzi na akaapishwa bila fujo. Oktoba 2025 naye akashindwa na Patrick Herminie katika duru ya pili, na akaondoka vivyo hivyo. Mara zote mbili madaraka yalikabidhiwa na raia kwa raia, na jeshi halikuwa na sehemu ndani yake.